Shemeji anakuja Desemba: nimwagize kifaa gani cha kusomea?

BARUA

Mshauri,

Salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili upande wa Maseno, lakini naishi mjini. Kila asubuhi napanda matatu, tunapita Kisian na Lela, na jioni narudi kwa barabara iyo hiyo. Humo ndimo ninamosomea. Nyumbani kuna watoto wawili, kuna jiko, kuna madaftari ya kusahihisha. Ndani ya matatu hakuna anayeniita mama wala mwalimu, basi nafungua riwaya.

Shida ni kwamba nasomea kwenye simu. Sijamaliza ukurasa wa tatu, kundi la WhatsApp la darasa limeshaanza kulia. Nikimjibu mzazi mmoja, wengine wanajua nipo nao wanaingia. Jua la asubuhi likipiga kioo sioni kitu. Usiku, watoto wakishalala, nasoma tena kitandani, na stima ikipotea naogopa kumaliza chaji, maana simu ndiyo inayoniamsha na ndiyo yenye nauli ya kesho. Isitoshe macho yananiuma, hasa nikisoma gizani.

Sasa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anakuja Desemba kutoka Marekani. Ameniambia nimwagize kifaa nikitakacho, nitamrudishia pesa akifika. Nina shilingi 22,000 nilizopata zamu yangu ilipofika katika chama. Nilidhani jambo ni jepesi mpaka nilipoanza kuulizauliza.

Mwenzangu wa Hisabati anasema ninunue tableti, nisomee hata mitihani ya miaka iliyopita, kwamba mashine ya kusomea tu ni kupoteza pesa. Kijana mmoja mwenye duka la simu Oginga Odinga Street ana Kindle iliyotumika, ile mashine ya kampuni ya Amazon ya kusomea vitabu, anaiuza 9,000. Ina vitufe pembeni vya kufungulia kurasa, skrini yake haiguswi, na gizani huoni maandishi. Anasema ni imara kuliko za siku hizi. Mtandaoni nako kuna wanaosifu Kobo, mashine kama hiyo ya kampuni nyingine, wengine wanasema chukua yenye rangi, wengine chukua ile kubwa ya kuandikia kwa kalamu. Hiyo ya kalamu imenivutia, kwa sababu nafundisha fasihi na hupenda kuandika pembeni mwa ukurasa.

Ninachosoma ni hiki: riwaya za Kiingereza, hasa za zamani, ambazo nimezipakua bure; riwaya na tamthilia za Kiswahili, ambazo hununua za karatasi nikipata pesa; na PDF tele ambazo walimu hutumiana, yaani mitihani, miongozo, hata vitabu vizima vilivyopigwa picha. Sina kompyuta nyumbani, ila shuleni kuna chumba cha kompyuta. Watoto wangu ni wa miaka 6 na 9, ningependa nao wasomee humo humo. Tena yuko baba yangu kule Vihiga, mwalimu mstaafu, ambaye ameanza kuliweka gazeti mbali na uso na kulalamika kwamba siku hizi wanachapa herufi ndogo. Nilifikiri kifaa kimoja kingetufaa sote.

Mume wangu anasema simu inatosha, nizime data tu. Mimi nataka kununua mara moja nisijute. Nimwagize nini?

Mwalimu wa Matatu, Kisumu

JIBU

Mwalimu,

Ahsante kwa barua yenye maelezo. Wengi huniuliza kifaa kipi ni bora kuliko vyote, na swali hilo halina jibu. Wewe umetaja unachosoma, unakosomea, na saa unazosoma, kwa hivyo naweza kukujibu. Kifaa hufuata vitabu. Anza kwa kujiuliza vitabu utavipata wapi na vitaingiaje humo ndani, ndipo uangalie skrini, rangi na bei. Wanaoanza na mashine huishia na mashine nzuri isiyo na cha kusoma.

Kwanza mumeo. Ana hoja, na hoja yake haina gharama. Kuanzia kesho ukipanda matatu weka simu katika hali ya ndege, usome hadi Maseno. Wazazi watasubiri dakika hizo. Ukiona riwaya inasonga, utakuwa umejua kwamba hamu ya kusoma unayo na kilichokuwa kikikukatiza ni arafa. Lakini kuzima data hakuondoi jua kwenye kioo, wala hakurudishi chaji usiku, wala hakupunguzi mwanga unaokupiga machoni. Hapo simu imefika mwisho wake.

Skrini ya simu ni taa inayokumulika usoni. Skrini ya wino wa kielektroniki, ile iliyomo katika Kindle, Kobo na PocketBook, hufanya kazi tofauti kabisa. Ndani yake mna vifuko vidogo mno, na katika kila kifuko mna chembe nyeusi na chembe nyeupe zenye chaji zinazokinzana. Umeme ukipita, za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine huzama. Umeme ukikatika, hubaki pale pale zilipo. Ndiyo maana ukurasa ukishafunguka hauhitaji tena umeme hadi ufungue mwingine. Ndiyo maana pia jua likiupiga unasomeka vizuri zaidi, kwa kuwa unategemea mwanga wa nje. Kiti cha dirishani, ambacho sasa kinakusumbua, kitakuwa ndicho cha kugombania.

Kuhusu chaji, watengenezaji hutangaza wiki nyingi, nawe usizimeze zote. Amazon kwa mfano husema Kindle yake ya kawaida hukaa hadi wiki 6, lakini kwa mtu anayesoma nusu saa kwa siku akiwa amezima Wi-Fi. Piga hesabu, hizo ni saa 21. Wewe unasoma kwenda, kurudi na usiku, tuseme saa 2 kwa siku, basi ni kama siku 10. Bado ni nyingi. Stima ikipotea jioni nzima, riwaya yako haitakuwa na habari, na simu itabaki na chaji yake ya kukuamsha.

Gizani unahitaji taa, na taa ya vifaa hivi iko ukingoni mwa skrini ikimulika ukurasa. Baadhi hukuwezesha kuugeuza mwanga uwe wa manjano usiku. Kwa msomaji wa kitandani kama wewe, mimi ningeweka jambo hilo mbele ya rangi, mbele ya kalamu, mbele ya nafasi ya kuhifadhia. Hata hivyo sikuahidi kwamba macho yataacha kuuma. Nitalirudia jambo la macho nikifika kwa mzee.

Kwa maelezo yako, ile Kindle ya Oginga Odinga Street naifahamu bila kuiona. Kindle ya kawaida ilianza kuguswa skrini mwaka 2014, na taa haikupewa hadi 2019. Yenye vitufe pembeni, isiyoguswa na isiyo na taa ni ya kabla ya hapo, kwa hivyo betri yake imezeeka, na maandishi yake yana nukta 167 kwa inchi wakati za sasa zina 300. Tena hujui kama mwenye nayo wa kwanza aliiondoa kwenye akaunti yake. Kama hakuiondoa, utabaki na kifaa kinachomtii mtu mwingine. Mwachie kijana Kindle yake. Ungekuwa msomaji wa mchana tu, nayo inauzwa kwa bei ya chini sana, tungezungumza. Lakini 9,000, kwa mtu anayesoma stima ikiwa imepotea, hapana.

Sasa PDF. Hapa ndipo walimu wengi wanapopotezea pesa, nami nitakaa hapa kidogo.

Chukua karatasi ya A4, ile ya mtihani. Ikunje katikati, kisha uikunje tena. Robo iliyobaki mkononi mwako ndiyo takriban skrini ya inchi 7. Ya inchi 6 ni ndogo zaidi, kama sentimita 9 kwa 12. Sasa ule mtihani mzima unatakiwa uingie humo. Herufi zilizochapwa kwa ukubwa wa 12 zitashuka hadi 5. Unaweza kuzikuza, lakini itabidi uusukume ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari, na skrini ya wino hubadilika polepole. Ukiulaza upande utapata nafuu kidogo, ila si nafuu ya kusomea kila siku. Karatasi ikikunjwa mara moja tu, hiyo ndiyo karibu skrini ya inchi 10, na humo herufi ya 12 inakuwa kama 8. Inasomeka, lakini bei yake iko mbali na pesa zako.

Riwaya zako za bure haziko hivyo, kama ulizipakua katika muundo wa EPUB. Angalia mwisho wa jina la faili. EPUB haina ukurasa wa kudumu. Ukitaka herufi kubwa, maneno yanajipanga upya yajae skrini yoyote ile. PDF imefungwa kwenye umbo la karatasi. Tena kuna PDF na PDF. Fungua moja kwenye simu, weka kidole juu ya neno ukibonyeze kidogo. Neno likichaguka peke yake, faili lina maandishi. Usipoona kitu, hiyo ni picha ya ukurasa, na hakuna kifaa kidogo kitakachoifanya isomeke vyema. Miongozo ambayo wenzako waliiandika kwa Word unaweza kuigeuza kuwa EPUB kwa Calibre, programu ya bure ambayo inaweza kuwekwa kwenye kompyuta za shule. Mitihani iache kwenye simu, au uichape. Mtihani husomwa kwa dakika chache ukitafuta swali. Huwezi kununua kifaa cha riwaya kwa ajili yake.

Na vile vitabu vizima vilivyopigwa picha, nakuomba uviache. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ipo, lakini hata isingekuwapo, wewe na mimi tunajua riwaya ya Kiswahili huandikwa kwa taabu na huuzwa nakala chache. Mwalimu wa fasihi ndiye mteja wake wa kwanza. Tukianza sisi kumnyima mwandishi hizo shilingi, tutafundisha nini miaka ijayo?

Mwenzako wa Hisabati hakukosea kwa upande wake. Mtu ambaye usomaji wake ni mitihani, michoro, vitabu vya kiada vyenye rangi na video za masomo anahitaji tableti, nami ningemwambia hivyo hivyo. Lakini tableti ina kioo kile kile kinachong'aa juani, na WhatsApp itaifuata huko. Ungekuwa umenunua tatizo lako likiwa kubwa zaidi.

Kalamu nayo inavutia, nakubali. Kindle Scribe ilipotolewa upya mwaka 2024 iliuzwa kwa dola 399.99, ambazo ni kama shilingi 51,600 ukikadiria dola kwa shilingi 129. Zaidi ya bei, fikiria unachoandika pembeni ni kwa vitabu gani. Ni tamthilia na riwaya unazofundisha, na hizo unazo za karatasi. Penseli yako inatosha na inafanya kazi nzuri. Kwenye vifaa vidogo unaweza kupiga mstari chini ya sentensi kwa kidole na kuandika neno moja mawili. Kwa usomaji wa matatu hutahitaji zaidi.

Rangi pia uiache. Skrini za wino zenye rangi zilizomo kwenye Kobo za 2024 huonyesha maandishi meusi kwa nukta 300 kwa inchi, lakini rangi kwa 150, na rangi yenyewe ni hafifu. Riwaya haina rangi.

Hapo tunafika kwa watoto. Wa miaka 6 na 9 wanataka picha, na picha zinataka rangi za kweli. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure za Kiswahili, za Dholuo na za lugha nyingine nyingi za Afrika. Wasomee kwenye simu yako jioni ukiwa umekaa nao. Jumamosi wapeleke maktaba ya umma pale mjini washike vitabu wenyewe. Kifaa chako kiwe chako. Kifaa kinachosomwa na watu watatu hupoteza ukurasa wa kila mmoja, na anayekosa zamu mara nyingi huwa ni mama.

Na mzee. Kumsukuma mbali na gazeti lake umpe mashine si dawa, kwa sababu gazeti ndilo analolipenda na halitaingia vizuri kwenye inchi 6. Mtu wa umri wake anayeliweka gazeti mbali na uso huenda anahitaji miwani ya kusomea tu, au huenda ni mtoto wa jicho anayeanza. Kwenu Vihiga kuna hospitali ya macho ya Sabatia. Mpeleke huko kabla ya Desemba, na siku hiyo hiyo nawe upimwe, maana macho yanayouma kila usiku yanastahili kuangaliwa na mtaalamu. Sitaki kifaa kije kufunika jambo ambalo miwani ingelitatua.

Sasa tuchague. Kwa usomaji wako zinabaki mbili, Kindle ya kawaida na Kobo Clara BW, zote za inchi 6, zote za nukta 300, zote zenye taa na nafasi ya GB 16, ambayo ni maelfu ya riwaya. Kindle ya 2024 ilitoka kwa dola 109.99, kama 14,200, na kwa bei hiyo huonyesha matangazo ikiwa imefungwa. Ni nyepesi, gramu 158. Kobo ilitoka mwaka huo huo kwa dola 129.99, kama 16,800, ina gramu 174, haina matangazo, taa yake inageuka manjano usiku, na haiingii maji. Kindle hiyo ya bei ya chini haina hayo mawili ya mwisho. Ukiyataka kwa Kindle inabidi upande hadi Paperwhite, iliyotoka kwa dola 159.99, kama 20,600, nayo ni ya inchi 7. Bei hizi hubadilika, na kodi ya mauzo ya jimbo analoishi shemeji huongezwa juu.

Kinachoamua ni zile faili zako. Kobo husoma EPUB moja kwa moja. Unaiunganisha na kompyuta kwa waya, unaburuta riwaya kumi, unachomoa, umemaliza mwezi. Chumba cha kompyuta shuleni kinatosha kwa hilo. Kindle nayo hupokea EPUB, lakini kwa kuipitisha kwenye huduma ya Amazon, ambayo huigeuza kuwa muundo wao. Ubora wa njia hiyo ni kwamba hufanyika kwa simu bila kompyuta, na kama shule yako isingekuwa na kompyuta ningekwambia chukua Kindle bila kusita. Ubaya ni kwamba ufunguo wa mlango huo si wako. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali vitabu ambavyo watu walikuwa wamekwisha kununua, kwa sababu aliyeviuza pale hakuwa na haki navyo. Wanunuzi walirudishiwa pesa, lakini vitabu vilitoweka kwenye vifaa vyao. Na Februari 2025 iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua ukaviweka kwenye kompyuta yako.

Basi mwagize Kobo Clara BW. Mvua ya jioni Kisumu ikikukuta stejini, hutakuwa na wasiwasi na mkoba. Ukimaliza riwaya ulizo nazo, tovuti ya Project Gutenberg ina zaidi ya vitabu 70,000 vya bure, vingi vikiwa vya zamani kama unavyopenda, na Standard Ebooks huvipanga upya kwa mpangilio mzuri. Vipya unaweza kuvinunua kwa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay kutoka kwenye simu yako. Wazungu wanasifu sana kuazima vitabu vya maktaba kupitia Kobo. Usikiweke hicho katika hesabu, kinahitaji kadi ya maktaba za kwao.

Lipo jambo moja litakalokuuma, nami ni bora ulijue sasa. Riwaya za Kiswahili unazozitaka nyingi hutazipata humo. Wachapishaji wetu bado wanachapa karatasi, na maduka ya hapa nyumbani kama eKitabu yana programu yao ya kusomea, kwa hivyo kabla ya kulipa uliza kama kitabu kitafunguka nje ya programu hiyo. Ndiyo sababu sikutaka umalize 22,000 zote kwa mashine. Toa bei ya Kobo na funiko gumu. Funiko si pambo, skrini hizi ni nyembamba na zikikandamizwa na rundo la madaftari ndani ya mkoba hupata mistari isiyotoka. Kinachosalia peleka kwenye duka la vitabu ununue riwaya mbili tatu za Kiswahili. Asubuhi soma Kobo, na unapofika kwenye kitabu utakachofundisha, soma karatasi ukiwa na penseli.

Kwa shemeji, mwombe asubiri mwisho wa Novemba, wakati maduka ya Marekani yanaposhusha bei, lakini asingoje hadi wiki ya safari. Wewe fungua akaunti ya Kobo leo kwa baruapepe yako mwenyewe. Kifaa kikimfikia, mpigie simu ya video, akiunganishe na Wi-Fi ya kwake, na mkiwashe kwa akaunti yako, si yake. Akichaji hadi kijae, awashe taa kwenye chumba chenye giza, afungue kurasa kadhaa huku akitafuta nukta au mstari usioondoka. Akiona kasoro akirudishe dukani yeye, kwa kuwa kutoka Kisumu utapata tabu. Kisha akibebe kwenye mkoba wa mkononi kikiwa ndani ya funiko lake, sio kwenye sanduku kubwa chini ya viatu na zawadi za watoto.

Mshauri